Kirusi kilianza vipi kufundishwa nje ya Urusi, na kwa nini wazee wetu walikishika kwa mwaka mmoja?

Mwalimu wa Kampemba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na tunayo klabu ya lugha ambamo wanafunzi wa madarasa ya juu huchagua lugha moja ya dunia na kuchunguza jinsi ilivyofundishwa kwa wageni. Safari hii wamechagua Kirusi. Wanajua kwamba Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 katika pori lisilo mbali na mji wetu, na mmoja wao amesoma kwamba tarehe 22 Februari mwaka huohuo chuo kikuu kipya cha Moscow kilipewa jina lake. Tangu hapo maswali hayakwishi: chuo hicho kilifundisha kwa lugha gani, Wakongo waliokwenda huko waliijulia wapi, na je, kulikuwa na mtu yeyote nje ya Urusi aliyejifunza Kirusi kabla ya siasa za karne ya 20?

Mimi nina swali langu pia, la kikazi. Watoto wetu husoma Kifaransa tangu shule ya msingi, wakafika hadi diploma ya Serikali, na bado wengi wao huogopa kusimama na kutoa hoja kwa lugha hiyo. Lakini katika kila kartie ya mji huu hukosi kusikia habari za mzee aliyekwenda Umoja wa Kisovieti bila kujua hata herufi moja, na baada ya mwaka akawa anaketi katika mihadhara ya hisabati au ya udaktari pamoja na Warusi wenyewe. Ningependa kuelewa walifanyiwa nini. Anayeijua historia hii, au aliyeipitia mwenyewe, naomba atusaidie kwa undani, kwa maana nitawasomea wanafunzi majibu yenu.

Yaya wa Kadutu (Bukavu)

Mwalimu, asante kwa swali hili. Nafanya kazi katika maktaba, na historia ya vitabu vya lugha ni jambo ninalolipenda kwa dhati, kwa hiyo niachie nianze na nyakati za mbali. Za karibu watazieleza walioziishi.

Kabla ya shule kulikuwa na biashara. Mwaka 1607, katika mji wa Pskov ulioko magharibi mwa Urusi, mfanyabiashara Mjerumani aliyeitwa Tönnies Fenne aliandika kwa mkono kitabu cha kujifunzia Kirusi, na hati yake imehifadhiwa hadi leo Copenhagen. Ukiangalia yaliyomo utaona mara moja kilikuwa cha nani: mna maneno ya manyoya na nta, vipimo na sarafu, methali za kumpendeza mwenyeji, na mazungumzo marefu ya kupatana bei, kudai deni na kulalamikia bidhaa mbovu. Maneno mengi ya Kirusi ameyaandika kwa herufi za Kilatini, kwa sababu aliyekuwa akielekea sokoni alihitaji kusema na kusikia kwanza, na kusoma kungemngoja.

Sarufi ya kwanza ya Kirusi kupigwa chapa nayo ilitokea ugenini. Heinrich Wilhelm Ludolf, Mjerumani aliyewahi kuishi Moscow, aliichapisha Oxford mwaka 1696, kwa Kilatini. Humo anaeleza kwamba Warusi wa wakati wake walizungumza Kirusi lakini walipotaka kuandika jambo la elimu walitumia Kislavoni cha kanisa, lugha ya kale ya ibada, na mgeni alipaswa kulijua hilo mapema asije akajifunza lugha ya vitabu halafu akashindwa kuagiza chakula. Sisi wa Kivu na Katanga, tunaoongea Kiswahili chetu nyumbani na kukutana na Kiswahili bora kanisani na vitabuni, tunamwelewa bila kufafanuliwa.

Upande wa mashariki mambo yaliongozwa na mipaka. Uchina na Urusi zilipotia saini mkataba wa Nerchinsk mwaka 1689, wakalimani walikuwa mapadri Wajesuiti na matini rasmi iliandikwa kwa Kilatini, kwa kuwa hapakuwa na wa kutosha upande wowote waliojua lugha ya jirani. Mwaka 1708, chini ya mfalme Kangxi, ikafunguliwa Beijing shule ya kufundisha vijana Kirusi kwa ajili ya ukalimani wa serikali. Wengi wanashangaa wanapoambiwa kwamba mojawapo ya shule za kale kabisa za Kirusi ugenini ilikuwa Uchina wala haikuwa Ulaya.

Vyuo vikuu vya magharibi vilichelewa sana. Ufaransa, Louis Leger alianza kufundisha Kirusi katika shule ya lugha za mashariki ya Paris mwaka 1874. Oxford ilipata mwalimu wa kudumu, William Morfill, mwaka 1889. Na Harvard ilianza mwaka 1896 na Leo Wiener, mhamiaji aliyezaliwa katika dola ya Urusi. Kwa Ufaransa msukumo ulikuwa wazi: mwanzoni mwa miaka ya 1890 nchi hizo mbili zilifunga mapatano ya kijeshi, na Wafaransa wengi walikopesha Urusi fedha zao. Hapo ndipo anatokea mwalimu ninayemheshimu kuliko wote, Paul Boyer. Yeye na Nikolai Speransky walitoa mwaka 1905 kitabu cha kujifunzia Kirusi kwa wasomaji wa Kifaransa. Badala ya kutunga sentensi zisizosemwa na mtu yeyote, walichukua hadithi fupi ambazo Lev Tolstoy aliwaandikia watoto wa wakulima, wakatia alama ya mkazo juu ya kila neno, na chini ya ukurasa wakaeleza kwa subira kila umbo gumu. Mwanafunzi alisoma tangu mwanzo Kirusi cha kweli chenye maneno mepesi. Toleo la Kiingereza lilitoka Chicago mwaka uliofuata.

Baada ya mapinduzi ya 1917 wakimbizi Warusi walitawanyika hadi Paris, Praha, Belgrade na Harbin, na wengi wao wakaishi kwa kufundisha lugha yao. Hapo kukatokea tatizo: serikali mpya ilirekebisha tahajia mwaka 1918 na kufuta herufi kadhaa, lakini wengi wa wakimbizi waliendelea kufundisha kwa tahajia ya zamani, hivi kwamba kijana wa Paris angeweza kusoma barua ya mwalimu wake vizuri na kukwama kidogo mbele ya gazeti la Moscow. Yaliyofuata nawaachia wengine.

Mhandisi Mstaafu (Katuba, Lubumbashi)

Mwalimu, na wewe Yaya, nimesoma kwa furaha kubwa. Mimi ni mmoja wa hao wazee mnaowasema. Niliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiitwa Zaire, kwa bursa ya kusomea migodi. Uhusiano wetu na Moscow ulikuwa umepita misukosuko mingi, maana wanadiplomasia wao walifukuzwa Kinshasa mwaka 1960 na tena mwaka 1963. Hata hivyo wapo waliopata njia ya kwenda kusoma.

Chuo cha Moscow mnachokitaja kilianzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lakini Wakongo wengi tulisoma miji mingine. Utaratibu ulikuwa mmoja kila mahali: mgeni aliingia kwanza katika fakulte ya maandalizi, ambayo sisi tuliiita podfaki, akakaa mwaka mmoja wa masomo, kisha akapelekwa katika fani yake. Mimi nilifanyia Voronezh.

Nitakueleza kilichofanyika darasani. Siku za mwanzo hatukugusa sarufi. Tulikuwa watu wachache, kutoka nchi mbalimbali, na tulipangwa hivyo ili tusiwe na lugha ya pembeni ya kukimbilia. Mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole lakini asiyesamehe kosa la matamshi, aligawa vioo vidogo vya mkononi. Kila mmoja alijitazama kinywa akitamka ile irabu inayoandikwa ы, ambayo haimo katika Kiswahili wala katika Kifaransa: ulimi unarudishwa nyuma na kuinuliwa, huku midomo ikitanuliwa bila kuviringwa. Baada ya hapo zikaja konsonanti, kwa maana karibu kila moja wanayo ngumu na laini, na ukichanganya umetaja kitu kingine kabisa. Tulirudia silabi hadi koo zikakauka. Wakati ule niliona ni kupoteza muda. Leo, miongo mingi baadaye, Mrusi akinisikia kwenye simu hudhani anaongea na mtu wa Caucasus, na najua kazi ile ilifanyika wiki zile.

Sehemu iliyotufikisha katika mihadhara, Mwalimu, ndiyo unayopaswa kuwasomea wanafunzi polepole. Muhula wa kwanza haujaisha, walianza kuingia walimu wa hisabati, fizikia na kemia. Kazi yao kubwa ilikuwa kutupa Kirusi cha somo lao: namna ya kusoma sehemu na mzizi wa mraba kwa sauti, namna ya kusema «ikiwa hivi, basi vile», «chukulia kwamba», «hiki kinategemea kile». Hisabati yenyewe nilikuwa nayo tangu hapa nyumbani, nimeifaulu kwa Kifaransa. Kwa hiyo akili yangu ilijua tayari sentensi inaelekea wapi, na neno jipya liliingia mahali palipokwisha kuandaliwa. Wenzetu waliokuwa wakielekea udaktari walipewa maneno ya biolojia na ya mwili wa binadamu, na waliokuwa wakielekea sheria au historia walipewa yao. Hatukufundishwa Kirusi chote. Tulifundishwa kile ambacho tungekihitaji Septemba inayofuata, pamoja na kile cha dukani, cha bweni na cha hospitali.

Nilipofika Leningrad kusomea migodi, mihadhara ya kwanza ilinitoa jasho, sikatai, lakini niliweza kuandika vichwa vya habari, kunakili michoro, na jioni kumwomba jirani wa chumba anisomee mwandiko wake. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nikifanya mitihani ya mdomo mbele ya maprofesa kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Msomaji wa Himbi (Goma)

Mzee, shikamoo, na ninakushukuru kwa ushuhuda wako. Naomba tu wanafunzi wa Mwalimu wasikie upande wa pili wa habari hii, kwa sababu lugha hiyohiyo, ikifundishwa na dola hiyohiyo, ilishindwa mahali ambapo ilikuwa na kila kitu.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kirusi kilifanywa somo la lazima katika shule za Polandi, Hungaria, Chekoslovakia, Bulgaria, Romania na Ujerumani ya Mashariki. Vitabu vilikuwepo, vyuo vya walimu vilikuwepo, saa za masomo zilikuwa nyingi, na kwa nchi nyingine lugha yenyewe ni jamaa ya karibu ya lugha ya nyumbani. Hungaria ilikuwa katika hali ngumu zaidi, kwani lugha yake haina udugu na Kirusi, na jeshi la Kisovieti lilizima maasi ya Budapest mwaka 1956. Watoto walikaa miaka mingi darasani, wakajibu mitihani, na wengi wao wakatoka bila uwezo wa kuendesha mazungumzo. Ulazima ulipoondolewa mwaka 1989 na mara tu baadaye, madarasa yalimwagika kuelekea Kiingereza na Kijerumani kwa kasi kubwa, na walimu wa Kirusi kwa maelfu ikabidi wasomeshwe upya ili wafundishe lugha nyingine. Ninawahurumia walimu wale kwa moyo wote. Walikuwa wameipenda kazi yao, na wanafunzi hawakuwa wakiikataa sarufi, walikuwa wakiikataa hali ya nchi yao.

Sasa linganisheni na Uingereza. Kati ya 1951 na 1960 jeshi la Uingereza liliendesha shule ya pamoja ya lugha kwa vijana waliokuwa katika utumishi wa lazima, na takriban 5,000 kati yao walifundishwa Kirusi ili waweze kusikiliza mawasiliano ya redio ya Wasovieti au kufanya ukalimani. Mtihani ulikuwa wa mara kwa mara, na aliyeshindwa alirudishwa kikosini. Wengi wa walimu walikuwa wakimbizi kutoka Urusi na nchi za jirani, na vijana hawa walipotoka jeshini baadhi yao ndio waliokwenda kufundisha Kirusi katika shule na vyuo vya Uingereza. Marekani nayo ilishtuka Wasovieti waliporusha satelaiti ya Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957. Mwaka uliofuata bunge lake likapitisha sheria iliyotoa fedha za kufundisha sayansi na lugha za kigeni, Kirusi kikiwemo.

Hoja yangu ni kwamba wale vijana wa Uingereza nao hawakuulizwa kama wanataka kuingia jeshini. Walilazimishwa utumishi, lakini lugha waliyopewa ilikuwa na kazi mahususi iliyokuwa ikiwangoja wiki chache mbele, na waliiona. Mtoto wa Budapest hakuiona kazi hiyo mahali popote. Kwa hiyo Mzee, sidhani podfaki ilifaulu kwa ajili ya vioo na mpangilio wa madarasa peke yake.

Mhandisi Mstaafu (Katuba, Lubumbashi)

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli kuhusu Hungaria, na nilikuwa na rafiki wa huko aliyekuwa akisoma nami ambaye hakupenda kuongea Kirusi nje ya darasa, nami niliheshimu jambo hilo. Nakubali pia kwamba bursa zetu hazikutolewa kwa huruma tu. Moscow ilitaka marafiki Afrika kama vile Paris, Brussels na Washington zilivyowataka, na somo la itikadi lilikuwemo katika ratiba yetu na lilitahiniwa.

Hata hivyo usiudharau ufundi wa walimu wale. Hamu ya kuwa mhandisi nilikuwa nayo tangu Lubumbashi, na peke yake isingenifundisha kwamba karibu kila kitenzi cha Kirusi huenda na mwenzake, kimoja cha tendo linaloendelea au kurudiwa na kingine cha tendo lililokamilika, wala ile mitego ya vitenzi vya mwendo, ambapo kwenda kwa miguu na kwenda kwa gari ni maneno mawili tofauti, na kila moja lina umbo jingine tena kwa anayekwenda na kurudi. Kuna watu waliokaa wakapanga mambo haya kwa ngazi, ipi itangulie na ipi isubiri. Hiyo ni elimu, na ilitungwa kwa ajili yetu wageni.

Yaya wa Kadutu (Bukavu)

Naomba nimuunge mkono Mzee kwa tarehe. Elimu hiyo ilipata vyombo vyake katika miaka ya 1960. Mwaka 1966 kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Moscow kituo cha mbinu za kufundisha Kirusi kwa wageni, ambacho baadaye kilijitenga na kuwa Taasisi ya Pushkin, kikiongozwa na Vitaly Kostomarov. Mwaka 1967 lilianza kutoka jarida la walimu wa Kirusi ugenini, na mwaka huohuo, mjini Paris, ukaundwa umoja wa kimataifa wa walimu wa lugha na fasihi ya Kirusi unaojulikana kwa kifupi kama MAPRYAL. Kostomarov na Yevgeny Vereshchagin walitoa mwaka 1973 kitabu kuhusu lugha na utamaduni, wakidai kwamba mgeni akijifunza neno bila kujua desturi iliyolizaa atakuwa amelijua nusu tu. Na kitabu cha kiada kilichosimamiwa na Kostomarov, ambacho jina lake lina maana ya Kirusi kwa wote, kilipata Tuzo ya Taifa ya Umoja wa Kisovieti mwaka 1979. Sijui nchi nyingi ambazo zimewahi kumpa mtunzi wa kitabu cha kufundishia wageni heshima ya kiwango hicho, na kama mtu wa maktaba naliona jambo hilo ni la haki.

Dola ilipovunjika mwaka 1991 bursa zilipungua ghafla na wanafunzi wengi wa Kiafrika walijikuta bila fedha za kujikimu. Chuo cha Moscow kiliondolewa jina la Lumumba mwaka 1992, kikarudishiwa mwaka 2023. Katikati ya miaka hiyo ulianzishwa mfuko wa serikali wa kueneza Kirusi, mwaka 2007, na mtihani wa kimataifa wa lugha hiyo ukapangwa katika ngazi sita.

Mwalimu wa Kampemba (Lubumbashi)

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Naomba neno moja la mwisho la kivitendo: nikitaka kuwaonjesha wanafunzi wangu somo moja au mawili ya Kirusi, je, Kiswahili chetu kitawasaidia au kitawazuia, na nitumie kitabu gani?

Mhandisi Mstaafu (Katuba, Lubumbashi)

Kitawasaidia mahali pamoja pakubwa. Mtoto aliyezoea kwamba kivumishi, kitenzi na kiwakilishi vyote vinafuata ngeli ya nomino hashangai akiambiwa kwamba katika Kirusi kivumishi kinafuata jinsia ya nomino, na kwamba mwisho wa nomino hubadilika kwa namna sita kulingana na kazi yake katika sentensi. Wenzangu wa lugha nyingine walilia kwa jambo hilo kuliko sisi. Kitakachowatesa ni mkazo. Sisi huuweka daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini wao huuhamisha, hata ndani ya neno lilelile linapobadilika umbo, na irabu o isiyo na mkazo hutamkwa karibu na a. Pia konsonanti tatu au nne zikifuatana, ulimi wetu hutaka kuchomeka irabu katikati. Wazoeze kutochomeka.

Anza na herufi tano wanazozijua tayari kwa sura na kwa sauti: А, К, М, О, Т. Kisha leta zile zinazodanganya, В, Н, Р, С, У na Х, ambazo wanazifahamu kwa sura lakini zinasomwa v, n, r, s, u na kh. Herufi ngeni kabisa ziache mwisho.

Kuhusu kitabu, kile cha Nina Potapova kiliandikwa pia kwa wasomaji wa Kifaransa na kilisambazwa sana tangu miaka ya 1950. Nakala zake bado zinaonekana kwa wauza vitabu vya mitumba na katika nyumba za tuliosoma huko. Mifano yake mingi ni ya maisha yasiyokuwepo tena, lakini maelezo ya sarufi ni safi na yamewekwa katika lugha ambayo wanafunzi wako wanaisoma. Kamusi ya Kiswahili kwa Kirusi ilichapishwa Moscow mwaka 1961 chini ya uhariri wa Dmitri Olderogge, ukiipata itunze. Masomo ya Taasisi ya Pushkin yako kwenye intaneti, ingawa yanahitaji mtandao usiokatika. Utakachochagua, hakikisha kina alama za mkazo juu ya maneno, maana magazeti na riwaya za Warusi hazina alama hizo, na mwanafunzi aliyejifunza neno kwa mkazo usio wake hulibeba hivyo kwa miaka.